Je, neno la Mungu laweza kuwa ujumbe taka?

SWALI: Mimi ni mmoja wa wasimamizi wanne wa kundi la maombi na tafakari mtandaoni. Tulianza wachache tunaojuana, sasa tumepita mia sita na wengi wao hatujawahi kuonana nao. Kila alfajiri zinamiminika aya zenye picha za maua, sauti ndefu za wahubiri wa kwingine, matangazo ya mafuta ya upako na vitabu, na namba za kutumia sadaka. Juzi mwenzangu alifuta ujumbe wa mama mmoja, mwanakundi wa siku nyingi. Ulikuwa sala yenye maneno "tuma kwa watu kumi na wawili". Mama akajitoa, akisema tumelitupa neno la Mungu jalalani. Sasa sisi wenyewe tumegawanyika. Spamu, yaani ujumbe taka, ni ipi hasa, na nani mwenye haki ya kuamua? – Msimamizi aliyechoka

JIBU: Ndugu msimamizi, pole na kazi. Nianze na hilo lililowagawanya. Ndiyo, neno la Mungu laweza kuwa taka, na hiyo haipunguzi utakatifu wake hata chembe. Linakuwa taka kwa namna lilivyoletwa.

Wala nyinyi si wa kwanza kukumbwa na hili. Januari 1994, kabla ya mitandao ya kijamii tunayoijua leo, watu walikuwa wakizungumza kwenye Usenet, mkusanyiko wa maelfu ya mabaraza: la wapenda paka, la wanahisabati, la mafundi wa pikipiki, la kila kitu. Siku moja tangazo lilelile lilitokea karibu kwenye kila baraza. Lilitahadharisha ulimwengu mzima kwamba Yesu yu karibu kurudi. Aliyelituma alikuwa mtunza kompyuta katika chuo kikuu kimoja cha kidini nchini Marekani. Kwa hiyo moja ya spamu kubwa za mwanzo kabisa katika historia ya mtandao ilikuwa mahubiri. Miezi mitatu baadaye, Aprili 1994, wanasheria wawili wa Arizona, mke na mume, walifanya vilevile kwenye maelfu ya mabaraza wakitangaza huduma zao kwa watu wanaotaka kuingia bahati nasibu ya kibali cha kuishi Marekani. Mmoja alitangaza wokovu, wengine walitangaza biashara, na walioamka asubuhi wakakuta mabaraza yao yamejaa waliwaona wote kuwa wamefanya kosa lilelile.

Jambo la kuiga kwa wasimamizi wa enzi ile ni kwamba hawakukubali kuburutwa kwenye mabishano ya kama Yesu anarudi au harudi. Walitengeneza kipimo cha hesabu, kilichoitwa kwa jina la aliyekibuni, Seth Breidbart, kilichoangalia tu tangazo limebandikwa mara ngapi na kwenye mabaraza mangapi ndani ya siku 45. Likivuka kiwango, linafutwa, liwe la dini, la siasa au la sabuni. Shirika la Spamhaus, lililoanzishwa mwaka 1998 na ambalo orodha zake hutumiwa na watoa huduma za barua pepe duniani kote, nalo linashikilia msimamo huohuo. Ili ujumbe uwe taka ni lazima mambo mawili yakutane: haukuombwa, na umetumwa kwa wingi. Moja peke yake halitoshi. Suala ni ridhaa ya mpokeaji. Maudhui yana mahakama yake nyingine.

Sheria za nchi hazitawasaidia sana hapa, kwa hiyo msipoteze muda kuzitafuta. Ile maarufu ya Marekani ya mwaka 2003 inahusu ujumbe wa kibiashara, na mahubiri yasiyouza kitu yako nje yake. Mtalazimika kujiamulia wenyewe.

Basi turudi kwenye kundi lenu. Ridhaa ndani ya kundi ina utata kuliko kwenye barua pepe, kwa sababu mtu ameingia kwa hiari yake. Lakini ameridhia nini? Aliyejiunga na kundi la maombi na tafakari ameridhia kuomba, kuombewa, na kusoma tafakari za wenzake. Hakuridhia kuwa mteja. Wala hakuridhia kuwa msikilizaji wa kila mhubiri aliyempendeza mwanakundi mwingine saa kumi na moja alfajiri. Kama maelezo ya kundi lenu yanasema tu "Karibuni wote, Mungu awabariki", hamna pa kusimamia. Andikeni sentensi moja inayosema kundi hili lipo kwa ajili ya nini, iwekeni juu kabisa mahali ambapo mgeni ataisoma kabla ya kuingia, na kila uamuzi uirejee hiyo.

Ujumbe ukiwa mbele yangu na moyo unasitasita, mimi huuliza mambo mawili. Huu umeandikwa kwa ajili ya watu hawa? Na aliyeutuma yupo, yaani akijibiwa naye atajibu?

Chukua Zaburi ya 23. Mtu wa kwanza ameileta kwenye picha ya waridi jekundu, herufi za dhahabu, juu yake vile vimishale viwili vya WhatsApp vinavyoonyesha imesambazwa mara nyingi. Dakika mbili baadaye analeta picha nyingine, kisha kimya hadi kesho alfajiri. Mtu wa pili ameandika kwa mkono wake: "Jana nililala hospitali na baba. Nimekwama kwenye mstari wa nne, 'nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti'. Mliokwisha kupita hapo, mlifanyaje?" Zaburi ni ileile. Kwa wa pili mtapata majibu arobaini na yeye atayasoma yote. Kwa wa kwanza, ukijibu, hakuna mtu upande wa pili.

Sisemi mumfukuze wa kwanza. Waridi moja ni kero, na kero haijawa spamu. Wengi wanaotuma picha hizo ni watu wanaotaka kusema "nipo, nimeamka, nawakumbuka" na hawajui njia nyingine. Watengeeni mahali pa salamu za asubuhi, na kwingine iwe marufuku. Wengi watahamia huko kwa furaha.

Ujumbe wa mnyororo, huo wa watu kumi na wawili, ni jambo tofauti kabisa, na hapo mwenzako alikuwa na haki ya kufuta. Utazame kwa karibu. Kwa kawaida una sehemu tatu: sala fupi nzuri ambayo hakuna wa kuipinga, ushuhuda wa mtu asiye na jina ("aliyeutuma alipata kazi siku ya tatu"), na tishio ("aliyeupuuza alimzika mwanawe"). Hakuna tarehe. "Siku ya tatu" huhesabiwa kuanzia leo, hata kama ujumbe una miaka kumi. Sala ile ya mwanzo ni gari tu. Abiria ni amri ya kusambaza, na petroli ni hofu.

Na hofu hiyo ina umri mrefu. Mwishoni mwa karne ya 6, askofu Vincentius wa kisiwa cha Ibiza alipata barua iliyodaiwa kuanguka kutoka mbinguni, akaiamini, akawasomea waumini. Askofu mwenzake, Licinianus wa Cartagena, alimwandikia kumkemea vikali kwa kuipokea. Yaani tangu zama hizo kulikuwa na kiongozi wa dini aliyesambaza bila kuchuja, na mwenzake aliyelazimika kumwandikia faragha. Kwa upande wa Waislamu kuna ile barua ya ndoto ya Sheikh Ahmad, anayetajwa kuwa mtunza kaburi la Mtume huko Madina, inayoonya kwamba mwisho umekaribia na kumtaka msomaji aisambaze. Mtaalamu wa Kiholanzi, Snouck Hurgronje, aliiandikia tangu miaka ya 1880. Mwaka 1908 toleo lake lilizagaa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, serikali ya kikoloni ikapata kiwewe ikidhani ni mwito wa uasi. Baadaye Sheikh Ibn Baz, mwanachuoni maarufu wa Saudia, aliandika waraka mzima kuikanusha. Bado inazunguka, sasa kwenye simu. Kampuni ya WhatsApp yenyewe iliona tatizo: tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mitano au zaidi huwezi kuusambaza ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa mara.

Kwa hiyo kuhusu mnyororo sheria iwe fupi: ujumbe wowote unaoahidi baraka kwa kusambazwa, au kutishia laana kwa kutosambazwa, unafutwa, bila kujali sala iliyomo. Hapa mnaweza kuwa wakali, kwa kuwa tishio halina nafasi katika kundi la maombi la dini yoyote. Ila ukali uishie kwenye ujumbe. Anayeutuma mara nyingi ameogopa. Huyo mama hakuwa anatangaza kitu. Aliambiwa balaa litaipata nyumba yake, akafanya alichoambiwa. Kufutiwa mbele ya watu mia sita, bila neno, na mtu mwenye umri wa mwanawe pengine, kulimuumiza kuliko hoja yoyote mngeweza kuitoa. Mpigieni simu. Msimtumie ujumbe. Apige yule anayemheshimu zaidi kati yenu, amwamkie vizuri, amwambie: "Mama, sala yako haikuwa na neno. Tulichokiondoa ni lile tishio la mwisho, kwa sababu kuna wagonjwa humu watalala wakiogopa." Kisha amwombe ailete tena ile sala bila mkia wake. Nimeona wazee wengi wakirudi kwa njia hii, tena wakawa walinzi wakali wa sheria ileile.

Sasa niseme jambo ambalo huenda halitakupendeza. Hatari kubwa kwa wasimamizi wa makundi ya kiroho haiko kwa wanaotuma maua. Iko kwenye kishawishi cha kuita spamu kila fundisho msilolipenda. Mtu anaandika kwa maneno yake kwamba haamini ubatizo wa watoto, au kwamba dhikri fulani haina asili, au kwamba kutafakari kwa kuhesabu pumzi ni bora kuliko kusali kwa sauti. Anajibiwa, anajibu. Huyo si mtumaji taka hata mkimwona mpotofu. Kama kundi lina mipaka ya mafundisho, iandikeni waziwazi kama mipaka ya mafundisho, na anayeivuka aambiwe hivyo usoni. Kuficha hukumu ya imani ndani ya sheria ya usafi ni ujanja ambao wanakundi huugundua haraka, na wakishaugundua hawataamini hata mtakapofuta utapeli wa kweli. Upande wa pili nao upo: kuna mtu atakayebandika makala ileile ya mafundisho sahihi kabisa, mnayoyaamini nyote, mara sita kwa juma. Huyo anatuma taka. Kama hamwezi kumfuta yeye, msimfute yule mpinzani.

Maombi ya dua ni mlango ambao ningeuacha wazi kuliko yote. Mtu mwenye mgonjwa mahututi aweza kuandika "niombeeni" mara tano kwa siku, maneno yaleyale. Kwa hesabu ya Breidbart angevuka mpaka ndani ya siku chache. Kwa kundi lenu hapana, kwa kuwa ujumbe wake umeandikwa kwa ajili yenu na yeye anasubiri majibu akiwa ameshika simu. Mwacheni. Kama wengine wanalalamika, msimamizi mmoja aongee naye pembeni, awe anakusanya habari zake na kuzitoa mara moja jioni. Hapa hesabu hukaa kimya, msimamizi akatumia utu.

Matangazo ya mali za wanakundi hayahitaji maneno mengi. Reddit, mtandao wa mabaraza ya mazungumzo, kwa miaka mingi walikuwa na kanuni isiyo rasmi kwamba katika kila vitu kumi unavyoleta, kisizidi kimoja kinachokunufaisha wewe. Kwa kundi la maombi naona hata hicho kimoja ni kingi, lakini kanuni inafaa kwa sababu inampima mtu kwa mchango wake wote. Dada anayefariji watu mwaka mzima akitaja siku moja kwamba ameandika kitabu, mpongezeni. Aliyejiunga jana na leo ana chupa ya mafuta ya kuuza, mtoeni.

Linapoingia suala la fedha, ondokeni kabisa kwenye neno spamu, maana tukiliita hivyo tunalidogosha. Mwaka 1995 huko Marekani taasisi iliyojiita Foundation for New Era Philanthropy ilianguka na kufilisika. Ilikuwa ikiahidi makanisa, vyuo na mashirika ya hisani kwamba fedha zao zitarudi maradufu baada ya muda mfupi, ikidai kuna wafadhili wasiotaka kutajwa. Hapakuwa na wafadhili. Mwanzilishi wake alihukumiwa kifungo cha miaka 12. Mwaka 2008 Bernard Madoff, Mmarekani aliyeendesha utapeli mkubwa wa uwekezaji, alipokamatwa, kati ya walioumia yalikuwamo mashirika mengi ya hisani ya Kiyahudi, watu wa jamii yake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani wana jina maalumu kwa utapeli wa aina hii, unaopita katikati ya watu wanaoaminiana kwa sababu ya imani au asili moja, na hutoa maonyo juu yake mara kwa mara. Huwa hauanzi na kelele. Huanza na mwanakundi mnayempenda, aliyekwisha kutapeliwa bila kujua, akiwaletea wengine "fursa" kwa moyo safi.

Ndiyo maana namba ya kutumia fedha isiwekwe kundini na mtu yeyote bila wasimamizi wawili kuwa wamezungumza naye kwa sauti na kujua anayepokea ni nani. Hata mgonjwa. Hata yatima. Na mkigundua utapeli, kabla ya kufuta chukueni picha ya skrini, namba, tarehe na saa, muwaambie wanakundi bayana kilichotokea. Spamu hufutwa kimya kimya, utapeli hutangazwa, vinginevyo aliyekwisha kutuma fedha atakaa na aibu yake peke yake na mwizi ataendelea kumkamua.

Kuna taka ambazo nyinyi wasimamizi hamtaziona kamwe, na kwa kundi la ukubwa wenu ndizo ninazozihofia. Mtu anajiunga, hasemi kitu, anakusanya namba za wanakundi, kisha anaanza kuwaandikia mmoja mmoja pembeni. Mara nyingi huweka picha na jina la kiongozi wenu. "Bwana asifiwe mwanangu, nimeonyeshwa jambo kuhusu nyumba yako." Anayepokea ndiye yuleyule aliyeomba dua juzi kuhusu ndoa yake mbele ya watu mia sita, kwa hiyo "ufunuo" unamlenga sawasawa. Waambieni wanakundi, na kurudia kila mara, kwamba kiongozi hatawahi kuanza mazungumzo ya fedha wala ya maono faraghani. Washeni ile sehemu inayomtaka msimamizi amkubali kila anayetaka kujiunga. Muulizeni mgeni swali moja: nani amekuleta, au umetufahamuje? Roboti nyingi, yaani akaunti zinazoendeshwa na programu, hazijibu, na matapeli wengi hawana subira ya kujibu.

Kuhusu vichujio vinavyonasa maneno, sivitegemei katika makundi ya kiroho. Baraka, sadaka, muujiza, uponyaji, haraka: ndiyo maneno ya tapeli, na ndiyo maneno ya mama anayeomba kweli.

Uliuliza nani aamue. Asiwe mmoja. Kwa roboti, picha chafu na mnyororo, msimamizi yeyote afute papo hapo. Kwa mengine yote wawili wakubaliane, na mmoja wao awe yule asiyemjua mtumaji. Aliyefutiwa aambiwe faragha, siku hiyohiyo, kwa sentensi mbili: nini kimeondolewa na kwa nini. Akilalamika, asikilizwe na wale wawili ambao hawakufuta. Wekeni daftari dogo la maamuzi, tarehe na sababu tu, ili baada ya miezi michache mwone kama mnamfuta mtu mmoja zaidi ya wengine kwa kosa linalofanana. Mara nyingi utakuta mnamfuta, na mara nyingi ni yule anayewauliza maswali magumu.

Sheria hizo ziwahusu na wasimamizi, na kiongozi wa kiroho pia akiwemo kundini. Makundi mengi yaliyochoka yamechoshwa na kiongozi anayebandika viungo vya mahubiri yake mwenyewe asubuhi, mchana na jioni, na hakuna mwenye ubavu wa kumgusa. Mfungulieni uwanja wake, ambao yeye tu ndiye anayeandika na wanaotaka wanajiunga kwa hiari. Atapata wasikilizaji waliomchagua, na kwenye kundi la maombi atabaki mwombaji kama wengine.

Mkishaandika haya yote, msiyatoe wiki hii. Kila mtu atajua yameandikwa kwa ajili ya mama yule, na yeye atajua zaidi ya wote. Mpigieni kwanza, mngojeni kidogo, kisha toeni rasimu na kuwapa wanakundi siku saba za kuisema. Watapunguza baadhi ya vipengele na kuongeza vikali kuliko vyenu, hasa kuhusu sauti za dakika ishirini.